Mbao ya Urefu wa Mwanangu

Mwanangu wa mwisho alifunikwa na shimo la dhahabu upande wa Nyakunguru, wakati ule watu walipoacha mihogo ishikwe na nyasi wakaenda kuchimba kama fuko. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Chini walikuwa watatu. Mmoja alitolewa hai, wa pili maiti, yeye hakutolewa. Wenzake walichimba siku nne. Siku ya tano maji yakajaa, kingo zikaanza kumeguka, wakaweka sururu chini.

Mkubwa wao, yule aliyekuwa akishika kamba juu ya shimo, alikuja nyumbani na matope yake akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama," akasema. "Mama, mikono imekataa."

Shikamoo yake sikuiitikia. Nilimwambia mikono haikatai kama aliye chini ni mtu wako. Nikamwambia yeye na wenzake wasikanyage boma langu, si kwa matanga, si kwa mazishi. Waliokuwepo wote walisikia. Mimi nikisema neno silirudishi, ndivyo nilivyolelewa.

Ikabaki shida ya nini kitazikwa. Kwetu, mtu asipopatikana, wazee walizika tunda la mvungunya, lile refu linaloning'inia. Linalazwa kaburini kama mtu, watu wanalia, msiba unakwisha. Mchungaji akasema yeye hawezi kusomea tunda sala. Shemeji zangu waliovuka mpaka kutoka Isebania wakasema basi roho ya mtoto itazunguka, na ikizunguka itaanzia kwa watoto wake. Walibishana mchana kutwa huku wakila ugali wangu. Jioni wakakubaliana: izikwe mbao, urefu wake kamili, yenye majina yake. Mchungaji atakuwa na jina la kusomea, wazee watakuwa na kitu cha kulaza.

Mbao ilikuwepo. Marehemu alikuwa anajenga nyumba ya matofali, na alikuwa amenunua mvule kwa ajili ya fremu ya mlango. Alitaka mlango mrefu. Kwangu alikuwa anagonga paji la uso kila siku, nami nikimwambia, "Nyenyekea." Alikuwa akinijibu, "Mama, nimechoka kuinama kama mwizi wa kuku."

Kumpima kulinitia aibu. Nilisimamisha mbao ukutani nikaweka alama ya mkaa pale nilipojua kichwa chake kinafika. Mkwe wangu, mjane wake, alitazama akatikisa kichwa.

"Hapana mama. Huyo ni wa kabla ya kuoa."

Akavua kandambili. Akasimama ubavuni mwa ile mbao kama mke anavyosimama karibu na mumewe, akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akaongeza vidole vinne, akachora alama yake. Ilipita yangu shubiri nzima. Seremala akakata kwenye alama yake.

Kesho yake asubuhi, ikiwa imebaki siku moja tuzike, nilifunga mbao juu ya Probox nikaenda Sirari, mpakani. Pale kuna mama anayetengeneza mihuri, vibao vya ofisi na ngao za mashule kwa mashine ya leza, ile inayochoma maandishi kwa mwanga. Wabadilisha pesa waliniona nikiishusha. Mmoja akapiga kelele, "Bibi, unavusha mlango Kenya? Kufuli iko wapi?" Nilimwambia amuulize mama yake.

Yule mama wa mashine ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, rika la mkwe wangu. Aliniita dani, yaani bibi. Mashine yenyewe ni kama sanduku la nguo lenye kifuniko cha kioo.

"Dani, hii ni ndefu sana. Mashine yangu inashika futi mbili, hapo ndio mwisho."

"Niliambiwa inaandika popote."

"Popote panapoingia," akasema, akacheka. Akavuta msumeno chini ya meza. "Lakini si shida. Wacha niikate mara tatu, nichore kila kipande, halafu fundi wa mbao aunganishe na gundi. Hakuna mtu atajua."

"Rudisha huo msumeno."

"Dani, si ni mbao tu?"

"Huyo ni mwanangu. Kesho tunamzika. Mtu hazikwi vipande."

Akanitazama, akaitazama mbao kutoka juu mpaka chini, na nadhani akaona ule urefu ni wa nini. "Yawa," akasema polepole, yaani jamani. Akaurudisha msumeno chini ya meza akausukuma kwa mguu mpaka ukutani.

Kumbe sanduku lile lina vimlango viwili vidogo, mbele na nyuma. Alivifungua, tukapitisha mbao katikati kama uzi kwenye tundu la sindano. Akaziba mianya kwa vipande vya boksi ili ule mwanga usitoke. Akanivalisha miwani ya kijani. Nikamwuliza kama nimekuwa mzungu, akasema mzungu gani amefunga kanga.

Akanieleza kazi. Tutaandika mafungu matatu. Kila fungu likiisha, mashine inachoma kitone kidogo sana mwishoni. Tunasukuma mbao mbele mpaka kile kitone kikae chini ya taa nyekundu, ndipo fungu linalofuata linaanza. Pembeni aligandisha ubao mwembamba mbao yangu iteleze humo isiyumbe. Mkia wa nyuma ulilala juu ya kreti la soda. Wa mbele haukuwa na pa kulala, kwa hiyo niliushika mimi.

Alijaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Maandishi yakapanda kama mbuzi wanaokwea mlima. Nilimwambia kreti liko chini, aongeze gunia lililokunjwa. Nimepanda mtama miaka hamsini. Mstari ukipinda mwanzoni, mwishoni unakutia shambani mwa jirani. Akaongeza gunia, mstari ukanyooka.

Nilimwomba aanzie miguuni, jina la babu wa mwanangu kwanza, halafu la baba yake, lake liwe la mwisho mkono ukiwa umezoea. Moshi ukatoka wenye harufu ya jikoni. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini majina ya watu wangu nayajua kwa sura. Niliyaona yakija, jina la baba mkwe wangu, kisha la marehemu mume wangu, meusi, yamenyooka. Tulisukuma mara ya pili. Jina la mwanangu likaanza. Lilipofika katikati, umeme ukakatika.

"Usiisogeze," akasema. "Ikikaa hapo hapo, nitaendelea ilipoachia. Ikisogea, uniambie tu, naweza kupima upya. Naenda kuazima jenereta."

Akatoka. Nikabaki na mkia wa ile mbao mikononi. Mvule ni mzito. Mwanzoni niliona si kitu, nimebeba maji na kuni na watoto. Kisha viwiko vikaanza kutetemeka. Nikasali. Nikahesabu vibao ukutani. Nikakumbuka kwamba chini ya lile shimo kulikuwa na giza kama hili lililokuwa ndani ya sanduku. Yule mama hakurudi. Vidole vikafa ganzi, na kabla sijaamua lolote mbao ilikuwa imekaa juu ya goti langu. Niliinua tena haraka, kama mtu aliyeonekana.

Jenereta ikaja. Akafunga waya, akainama kwenye kioo.

"Ilisogea, dani?"

"Haikusogea."

Akaamini. Mama wa kanisa, mvi kichwani, nani asingeamini? Mashine ikalia, jina likaisha. Alipofungua kifuniko alivua miwani akatazama tena. Herufi za mwisho zilikuwa zimeshuka, si sana, unene wa ukucha. Ukiangalia jina lake unaona kama limejikwaa.

"Ni mimi," akasema. "Sikupima vizuri. Ah, nimekuharibia, dani. Nisamehe." Alitaka kulikwangua aanze upya, lakini jua lilikuwa limeinama na mvule haukwanguliki kwa saa moja. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilimwambia si kitu. Sikumwambia lingine.

Siku ya mazishi tuliilaza mbao juu ya mkeka uani. Wanawake wakalia. Mkwe wangu akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya jina tangu herufi ya kwanza, kikafika pale kikasita.

"Mama, hapa pameshuka."

"Mikono ilikataa," nikasema.

Nilijisikia nikisema. Yeye pia alisikia, akainua macho akanitazama, kwa sababu siku ile mlangoni alikuwa amesimama nyuma yangu. Akashusha macho kwenye mbao.

Wale wachimbaji walikuwa barabarani nje ya uzio wa mkonge. Walikuwepo tangu asubuhi, juani, hawakukanyaga ndani. Nilienda nikiwa nimeshika kanga mdomoni. Yule mkubwa wao akaanza, "Shikamoo ma..." na hakuimaliza.

"Marahaba," nikamwambia. "Ingieni. Mbao ni nzito, na nyinyi mnajua kushusha."

Waliishusha kwa kamba zao, zile zile. Iliteremka imelala sawa, ikafika chini bila kugonga. Mchungaji akasoma majina matatu. Baada ya hapo walikula, lakini chakula walipakuliwa na mkwe wangu. Mimi sikuweza.

Majina hayo sitayaandika hapa.

Fremu ya mlango wa ile nyumba yake ya matofali ilikosa mguu mmoja, seremala akaweka msonobari, na mchwa wameshaanza upande huo. Na Sirari bado naenda, siku za mnada. Yule mama wa mashine yupo bado, anaketi mlangoni akisubiri wateja. Mwaka wa kwanza aliniona akasimama, akaniita, "Dani! Bado nalifikiria lile jina." Nilimpungia mkono. Tangu hapo napita upande wa pili wa barabara, nyuma ya malori.