Kifungo cha Saa ya Baba

Baba alipofariki kule Iringa, saa yake alikabidhiwa mdogo wangu wa kiume. Kwetu, ukikabidhiwa kitu cha marehemu hukivui mpaka siku ya kuweka msalaba kaburini. Unalala nacho, unaoga nacho, unafanya nacho kazi. Saa yenyewe ilikuwa na mkanda wa chuma, na kifungo chake cha kukunja kilishachoka: ukiinua mkono kumsalimia mtu, kimefunguka. Siku ya tatu ya msiba ilidondokea kwenye bakuli la mboga mbele ya shangazi. Mdogo wangu alicheka. Mimi nilikasirika, kama kawaida yangu.

Aliponisindikiza kurudi Mbeya nilimpeleka kwa fundi saa pale Mwanjelwa. Fundi akatuonyesha bizimu, kama ile ya mkanda wa suruali, halafu mkanda wa kuvutika usio na kifungo kabisa, halafu kifungo kipya cha kukunja chenye kikufuli juu yake.

"Weka kinachobana kuliko vyote," nikasema.

Alikiweka saa ikiwa mkononi, maana mdogo wangu alikataa katakata kuivua. Nikaondoka pale nikijipongeza.

Wiki mbili baadaye nilirudi kubadilisha betri ya saa yangu. Fundi akaniuliza, kwa mazungumzo tu, yule mdogo wangu anafanya kazi gani.

"Anakoboa mpunga Rujewa."

Akaweka koleo chini. "Mashine ya mkanda? Dada, si ungeniambia! Kile kibovu kikinaswa kinaachia. Hiki nilichoweka hakiachii. Kinakwenda na mkono."

Nilipiga simu pale pale. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, huku nikijua kwamba mashine ikiwaka hasikii kitu. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikasahau saa yangu mezani kwa fundi, nikapanda gari la kwenda Rujewa. Njia nzima nilikuwa nimejishika kifundo cha mkono wa kushoto, na mama aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nimeteguka.

Niliposhuka nilisikia mashine ikinguruma, nikashukuru Mungu. Kisha ikanyamaza ghafla. Msimu wa mavuno, mchana kweupe, nani anazima mashine? Nikakimbia huku nimeshika viatu mkononi.

Nilimkuta mlangoni, mweupe kwa vumbi la pumba, anakung'uta chekeche lililoziba. Mikono ilikuwa miwili. Niliihesabu.

"Dada, nani amekufa?"

Nilimkamata mkono nikaanza kufungua kifungo. Kikagoma. Jasho na pumba vilikuwa vimegandamana ndani ya kikufuli. Nikajaribu kwa kucha, akajaribu yeye kwa meno, na mwishowe tukaazima sindano ya kushonea magunia. Tulihangaika sana, watu wazima wawili, tumekaa kwenye benchi, hakuna anayetuvuta. Nilimwona akiutazama mkanda wa mashine, kisha mkono wake, na kile kicheko chake hakikuwepo tena.

Kilipofunguka hatimaye, alisema kwa sauti ndogo, "Lakini msalaba bado."

"Nitaivaa mimi."

Nikaivaa. Ilinipwaya, ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko na kushuka, na kila ilipogusa mfupa nilishtuka. Nililala nayo, nikaoga nayo.

Siku ya msalaba, kule Iringa, shangazi aliiona kabla hata hatujasalimiana vizuri.

"Wewe! Hiyo amekukabidhi nani?"

"Woga, shangazi."

Alinuna, na wazee wawili wakaguna. Sikuwa na hamu ya kueleza. Wakati huo msalaba ulikuwa unashushwa kwenye gari, mzito, wa zege, na wakaitwa vijana wa kuubeba. Mdogo wangu alitangulia, akaukumbatia kwa mikono yote miwili.