Zuwena na Kikombe Kilichojaa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyommiminia mgeni kahawa mpaka ikagusa mdomo wa kikombe, mbele ya kamera na chumba kizima cha wanawake, nikadhani nimefanya ukarimu.

Nilikuwa nimerudi masomoni na shahada ya fasihi, ambayo mpaka leo mama yangu haelewi inatibu nini. Asubuhi nilikaa ofisini Qurum, hapa Maskati, nikitazama saa. Jioni na siku za mapumziko nilikuwa mtumishi.

Usinicheke. Nilikuwa mtumishi kwenye televisheni. Ilikuwa tamthilia ya Ramadhani, kisa cha nyumba ya mabwana wakubwa wa Maskati ya zamani: mna bibi mwenye nyumba, mna binti wa kuozwa, na mna Zuwena, mtumishi ambaye hakutaka kufa akiwa mtumishi. Zuwena alitaka funguo. Katika nyumba ile, mwanamke aliyekabidhiwa funguo za ghala ndiye aliyekuwa na kauli baada ya bibi, na Zuwena aliziangalia kama paka anavyoangalia samaki anayeparwa. (Mwandishi alimwita mtumishi. Zama zile neno lilikuwa jingine, zito zaidi. Sote tulilijua na hakuna aliyelitamka. Hilo nalo lina nasaha yake, na si mimi mwenye haki ya kuitoa.)

Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo, maneno yangu yote yangeenea kwenye kiganja. Lakini sehemu za mwisho za tamthilia zilikuwa bado kuandikwa, na mwongozaji wetu, Mmaskati mpole aliyeshika ndevu kila alipofikiri, alitwambia wazi: Zuwena akikolea, atapewa funguo na kisa kitamfuata yeye. Asipokolea, ataondoka.

Basi nikakosa kutulia. Zuwena alizitaka funguo, na mimi nilizitaka zaidi yake. Nikikaa, goti linacheza. Foleni ya magari ikisimama, nabadilisha njia, kisha narudia ile niliyoiacha, huku gari lililokuwa nyuma yangu likinipita taratibu na dereva wake ananitazama kwa huruma. Haraka haraka haina baraka, waliniambia wote. Nikaona ni maneno ya watu wasio na pa kwenda.

Bibi mwenye nyumba aliigizwa na Bi Rayya. Alizaliwa Unguja, akaja huku mwanamwali, akasomesha skuli mpaka akastaafu, na uigizaji aliuanza uzeeni kama wenzake walivyoanza sukari. Alikaa Al Amerat, gari haendeshi, na kwa kuwa alijuana na mama, mimi ndiye niliyepewa kumpitia. Natoka Bawshar, napanda mlima, nashuka, nampakia, tunarudi. Njia nzima mimi nasema, yeye anatafuna karafuu.

Siku ya kahawa, wanawake wa ukoo mwingine wamekuja kuleta posa ya binti, na Zuwena anaingia na dele la kahawa na vikombe. Sasa, mwanangu, sisi tuliotoka Unguja ni watu wa chai. Nyumbani kwetu kikombe kisichojaa ni uchoyo, na mgeni atautangaza mji mzima. Kahawa tulikuwa nayo, lakini aliyeimimina siku zote alikuwa shangazi, na wakati akiimimina mimi nilikuwa chumbani nasoma vitabu vya kunifanya mtu wa maana. Kumbe kahawa ya hapa humiminwa kidogo, chini kabisa ya kikombe, mgeni akaongezwa na kuongezwa mpaka atikise kikombe chake kusema imetosha. Kumjazia ni kumwambia: kunywa hii, kavae viatu.

Nikamjazia mama wa bwana harusi. Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Nikajua nimeharibu, nisijue nini. Kisha mmoja wa wale wageni akaangua kicheko: "Posa imekwisha, jamani! Viatu vyangu viko wapi?"

Mwongozaji akasimamisha kamera. "Nasra," akasema, "umewafukuza wageni."

Hapo ulimi wangu ukaitangulia akili. "Ndiyo," nikasema. "Nimewafukuza. Zuwena hataki posa hii. Binti ndiye anayemwamini, binti ndiye ngazi yake. Akiolewa akenda zake, Zuwena atazeekea jikoni. Kwa hiyo anajaza kikombe."

Nilisema yote hayo kwa Kiarabu cha chuoni, na mikono juu. Mwongozaji akashika ndevu.

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Allah, Allah," akasema, na macho yakamwaka. Tukairudia sehemu ile vile vile, safari hii kamera ikikifuata kikombe kinavyojaa. Mwandishi akapigiwa simu palepale. Haikufika wiki, Zuwena akawa na maneno mengi kuliko bibi mwenye nyumba.

Ndani ya gari, tulipoanza kupanda mlima, Bi Rayya akanigeukia.

"Hukujua," akasema.

"Sikujua nini, Bi Rayya?"

"We mtoto, mimi nimesomesha. Uso wa asiyejua nnaujua kuliko uso wa marehemu mume wangu."

Nikacheka. "Lakini imesaidia."

"Imesaidia. Umeuza ujinga kwa bei ya akili, na mnunuzi kafurahi. Basi kesho atarudi dukani." Akatia karafuu nyengine mdomoni. "Na jengine. Leo ulikuwa na ruhusa ya kuuliza. Mjinga ana ruhusa hiyo, Mungu kampa. We umeirudisha."

"Nitauliza nikitaka."

"Utauliza vipi? Zuwena wako hakosei. Kila afanyalo ni makusudi. Sasa mtu wa makusudi anauliza nini?"

Nikaongeza sauti ya redio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu wakati ule lilikuwa limekanyaga mafuta.

Ikawa kama alivyosema. Kila tulipokutana, mwongozaji alinijia na swali moja: "Zuwena anakusudia nini?" Na mimi nikampa. Sikujua namna ya kubeba sinia la chakula, nikasema Zuwena analibeba vile kwa dharau. Sikujua wapi mtumishi husimama bibi akiwa na wageni, nikasema Zuwena amesimama pale kwa uchokozi. Hivi ndivyo nilivyomfanya mwanamke mwenye ndoto awe nyoka, kwa sababu tu mimi sikutaka kuonekana mshamba. Wala sikupumzika. Nilikuwa nimepanda juu, na huko juu hakukuwa na pa kukaa.

Ramadhani ikaingia. Sehemu za mwanzo zikaanza kuonyeshwa huku sisi bado tunapiga picha za mwisho. Shangazi yule yule wa kahawa akampigia mama simu baada ya futari, kwa sauti niliyoisikia mimi nikiwa jikoni: "Mwanao anatufukuzia wageni mbele ya nchi nzima! Wakija kumposa yeye waje na chupa yao ya kahawa?" Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilifurahi. Nilijiambia: wananizungumza.

Hatimaye Zuwena akapewa funguo. Bibi anaumwa, yuko kitandani, na wanawake wakubwa wa bara, kutoka miji ya ndani nyuma ya milima, wamekuja kumjulia hali. Zuwena ndiye atakayewapokea, mara ya kwanza kwa jina la nyumba. Mwandishi aliandika tu: Zuwena anawapokea wageni kama inavyopasa.

Kama inavyopasa! Wenzangu wote waliyajua hayo tangu wakiwa wanabebwa kiunoni. Kwa watu wa bara, mgeni hakurupuki na habari zake. Mwenyeji humuuliza khabari, mgeni hujibu hakuna ila kheri, huulizwa tena, hujibu tena, na kila swali lina zamu yake na mtu wake, hata kama mgeni kaja na msiba mkononi. Kwetu Bawshar habari hutolewa mlangoni, zote kwa pamoja, kwa Kiswahili, na presha ya mjomba ndani yake. Nilijua tu kwamba kuna utaratibu. Utaratibu wenyewe sikuujua.

Alasiri ile, kutoka Al Amerat mpaka kwenye ile nyumba ya kupigia picha, nilikuwa na swali mdomoni na mtu wa kumuuliza kakaa kando yangu. Mara mbili nikafungua mdomo. Mara mbili nikasema kuhusu joto.

Wageni wakaingia, wakakaa. Mkubwa wao, ajuza wa kweli aliyeletwa kutoka bara, akaweka fimbo yake pembeni na kunitazama, akingoja nimuulize. Na mimi nikakaa na funguo kiunoni, nisijue pa kuanzia. Kimya. Kimya kirefu, mwanangu, mpaka nikasikia feni ya jirani. Mwongozaji hakusimamisha kamera. Alidhani nna jambo. Mwisho akanijia ameshika ndevu, uso unang'aa.

"Kimya! Wageni wa heshima, na yeye kimya! Niambie, Zuwena anakusudia nini?"

Nikatafuta. Safari zote nilikuwa nikitia mkono nikipata kitu. Safari hii nikatia mkono, nikakuta mkono. Bi Rayya alikuwa mlangoni na shuka lake la ugonjwa, na hakunisaidia hata kwa nyusi.

"Sijui," nikasema. "Sijui wanavyopokewa. Na kile kikombe pia sikujua."

Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi. Yule ajuza akasema, "Mfundisheni mtoto, ni dakika moja." Lakini jua lilikuwa linashuka, watu wamefunga, na mwongozaji alikuwa ameshaziachia ndevu zake. Hakukasirika. Alichoka tu, kama mtu aliyegundua kwamba muda wote alikuwa akizungumza peke yake. Akazifungua funguo kiunoni mwangu kwa adabu, akamfungia msichana mwengine, mnyamavu, aliyekuwa akipitisha tende tangu mwanzo wa kisa. Yule akamgeukia ajuza na kuuliza khabari kama mtu anayevuta pumzi.

Zuwena aliondolewa kwa sentensi moja, na hata haikusemwa na bibi. Mpishi, akikatakata vitunguu, alisema: "Zuwena kaozwa huko Nizwa." Basi. Hata harusi hakufanyiwa.

Siku ile ya funguo, baada ya kufuturu, nilikuwa namrudisha Bi Rayya huku nalia kwenye usukani.

"Paki pembeni," akasema, "usije ukatuua kwa ajili ya televisheni."

Nikapaki mlimani. Malori yanatupita, gari linatikisika.

"Haya. Sasa uliza."

Nikauliza. Akawa mgeni, mimi mwenyeji, ndani ya gari dogo, tukipeana khabari zisizokuwepo. Nikiruka zamu, ananirudisha mwanzo. Nilipoipata yote bila kukwama, akatia karafuu mdomoni.

"Kutaka funguo si kosa," akasema. "Mimi nilitaka niwe mwalimu mkuu, nikautaka kwelikweli, na nikawa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. We hukuinama, mwanangu. We ulianguka, ukatwambia umeinama."

Nimeyachukua maneno hayo nikaishi nayo. Sikuigiza tena. Nikawa mwandishi wa makala, kazi ambayo mtu hulipwa kidogo ili aulize maswali hadharani, na nakiri kwamba bado nna haraka na bado nabadilisha njia kwenye foleni.

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu, wewe uliyeanza kazi juzi na tayari unautazama mlango wa wakubwa. Taka makubwa. Sitakwambia utulie, maana mimi mwenyewe sijatulia, na asiyetaka kitu hasogei. Ila siku utakapokosea mbele za watu, na akili yako ikakuletea sababu nzuri ya kulipamba kosa, usiipokee. Sema hukujua, siku hiyo hiyo, wakati bado ni jambo dogo na wapo watakaokufundisha kwa kicheko. Ukilipamba utasifiwa, na sifa hiyo itakuzuia kuuliza, na asiyeuliza hubaki na ujinga wake wa siku ya kwanza, ila sasa umevishwa nguo nzuri na unatakiwa uongoze nyumba. Kuuliza si ujinga, walisema waliotutangulia, na mimi naongeza: ni pupa iliyopata adabu.

Mungu akulinde na sifa usiyoistahili, akuweke karibu na watu wasiochoka kukuelekeza, na aujaalie ulimi wako wepesi wa kusema sijui kabla siku haijakulazimisha. Ufike unakotaka, na ukifika, uwe unapajua. Amin.