Muhuri Uliokataa Macho

Doña Obdulia alikuwa mchonga mihuri, na kwa ukaidi hakuwa na mwenzake katika mji wetu. Nayajua haya kwa sababu kibanda changu cha mifuko ya karatasi za kaki kiliegemea ukuta wake miaka ishirini na mbili, wala sikumbuki wiki tuliyoimaliza bila kugombana. Wapiga chapa wa Tegucigalpa, mji mkuu, hawakuchapii kitu mpaka uagize mifuko elfu tano. Mama mwenye tanuri moja atazipeleka wapi elfu tano? Basi alinunua mia kwangu, akaingia kwa Obdulia, na kwa bei ya kuku mmoja akatoka na muhuri wa soli ya kiatu uliogundishwa kwenye kibao cha mpera. Jina, picha, kazi imekwisha. Nusu ya biashara za barabara ya kusini zilipata sura kwa kisu chake.

Picha iliyouzika zaidi ilikuwa ya marehemu. Kwetu rosquilla, zile pete kavu za kuoka za unga wa mahindi na jibini, watu hawaziamini mfuko ukiwa na sura ya aliye hai, maana aliye hai atakupunja jibini; bibi aliyekufa hana tamaa tena. Na Obdulia alikuwa na sharti lake. Uso angechonga siku yoyote, lakini mboni za macho hakuzigusa mpaka familia imalize sala za siku tisa na kuuzoa ule msalaba wa chokaa unaochorwa sakafuni, ili roho iende zake. Mimi nilimcheka sana kwa hilo.

Mwaka mmoja akaja Nolvia, binti wa Ercilia. Ercilia aliondoka kwenda kaskazini, Marekani, kutafuta kazi miaka kumi na moja kabla, akapiga simu mara mbili akiwa njiani, kisha kimya. Nolvia alibaki na tanuri la mama yake na watoto wawili, na abiria wa mabasi walikuwa wanampita kwenda kununua kwa wenye mifuko yenye sura.

"Nichongee mama," alisema, akaweka picha mezani.

"Umemzika wapi?"

"Doña, usinifanyie hivyo. Miaka kumi na moja! Angekuwa hai angeshindwa hata kutuma salamu?"

"Mimi sijui. Nauliza, sala tisa zimesomwa?"

"Mchongee mwenzio bwana," nikadakia kutoka kibandani. "Au unangoja barua ya Mtakatifu Petro?"

"Tiburcio, uza mifuko. Domo lako limezidi duka lako."

Nolvia akaenda akasomesha sala, jioni tisa, bila maiti. Nami nilikwenda, nikala tamale za mahindi na kunywa kahawa ya watu. Siku ya tisa walizoa msalaba wa chokaa, na kesho yake Obdulia akachonga mboni mbele yetu. Akapaka wino, akagonga.

Uso ulitoka safi: mashavu, nywele, hata kovu la kidevuni. Mahali pa macho palikuwa peupe. Akaongeza wino, peupe. Akachonga muhuri mwingine kwa soli mpya, peupe. Wakailaumu karatasi yangu, nikafungua bunda jingine kwa hasira nikagonga kwa mkono wangu mwenyewe. Peupe. Nikapitisha kidole juu ya mpira, nikazihisi mboni zimeinuka kama punje mbili za mtama.

Obdulia akaweka kisu chini. "Huyu hayuko huko mlikompeleka. Mama yako yu hai, mwanangu. Chukua muhuri, sitaki malipo."

Nolvia akakaa sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Angeweza kuutupa, lakini watoto hawali mihuri iliyotupwa. Akautumia. Abiria wakaanza kuulizia "zile za kipofu". Madereva walisimama kwa ajili yake tu. Alikuwa akiianika mifuko ili wino ukauke, kwenye kamba iliyopita mbele ya kibanda changu, nyuso mia zisizo na macho zikigeuka na upepo, nami nikajifunza kukaa nikizipa mgongo. Niliogopa, sioni haya kusema.

Nolvia alizipenda. Kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri aligonga mfuko mmoja kwanza, kisha akapita kutupasha habari.

"Bado peupe, Don Tiburcio!"

"Mungu ashukuriwe, mama," nilijibu, mimi yule yule niliyecheka.

Ilikwenda hivyo miezi minane. Jumatano moja ya mwezi wa Machi alikuja na mfuko mkononi. Macho yalikuwapo. Meusi, mazuri, yamefunguka, yakimtazama yeye. Obdulia alipoushika yakamtazama Obdulia, na nilipoushika mimi nikaurudisha upesi.

"Yatoe," Nolvia alisema. "Yachimbe. Nakuomba, Doña."

Obdulia hakubisha. Katika miaka ishirini na mbili hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona asibishe. Akachimba mboni mpaka kisu kikagusa mti, akapaka wino, akagonga. Macho yakatoka vilevile.

Basi la saa moja lilipiga honi barabarani, likangoja rosquilla zake, likaondoka.

"Jana alikuwa hai," Nolvia alisema, akiutazama ule mfuko. "Miezi minane alikuwa mahali fulani, anakula, analala, na mimi najua. Ninyi pia mlijua. Na hakuna siku hata moja niliyotoka kumtafuta. Nilikuwa nagonga muhuri tu."