Shikamoo Niliyoikata Katikati

Baba yangu hakuwa mtu wa kurudia neno. Mwaka ule serikali ya Mwingereza ilipotuagiza tujenge tena lambo la kukinga maji ya mvua kijijini kwetu, upande wa Nduguti, alinitazama nikitua mtungi, akasema, "Lambo likishika maji, utakwenda shule ya misheni. Lisiposhika, utaendelea kuyafuata kule kule." Kule kule ni mtoni, na mto wenyewe kiangazi kizima ni mchanga mtupu. Unafukua shimo, unangoja maji yajikusanye, unateka kwa kata kidogo kidogo, na ukifika nyumbani jua limeshakuchoma utosi. Wenzangu waliokuwa wakisoma walinipita njiani na vibao vyao vya kuandikia, nami niliwaonea wivu.

Lambo la mwaka uliotangulia lilibomoka kwa mvua moja tu. Wanaume wazima walilijenga chini ya mnyapara, kila mtu akamwaga karai lake la udongo, akaenda kukaa. Safari hii wazee wakasema, kushindilia tuta la kuzuia maji wapeni vijana, maana miguu yao ina wazimu. Tukaambiwa tujichagulie mkubwa wetu. Tukamchagua binti wa baba mkubwa, niliyemwita dada, ambaye mahari yake ilikuwa bado inazungumzwa. Mnyapara alicheka mpaka akajifuta machozi. "Msichana! Haya, tutaona."

Na kweli waliona. Dada alitupanga safu, mikono viunoni mwa wenzetu, kisha wimbo ukaanza na visigino vikashuka pamoja. Jamani, sijui nielezeje. Wewe mmoja ukikanyaga, udongo hausikii kitu, lakini safu ile ilipokanyaga nilisikia ardhi ikijibu kifuani mwangu. Siku ya kwanza niliogopa, nikataka kutoka. Mbuzi waliokuwa karibu walikimbia.

Lililonishangaza zaidi ni namna alivyotuongoza. Kila asubuhi alimnyooshea mtu mwingine kidole, akamwambia, "Leo koo ni lako." Mtu huyo ndiye angeanzisha wimbo, ndiye angesema twende na tusimame. Dada mwenyewe alikwenda mkiani, akakanyaga kama alivyoamriwa, hata na katoto ka juzi. Kijana mmoja wetu alikuwa na kigugumizi, tulimtania sana. Alipopewa koo aliimba moja kwa moja bila kukwama, sote tukabaki midomo wazi. Zamu yangu ilipofika, sauti ilitoka kama ya kifaranga. Walinicheka mpaka safu ikakatika. Nikamtazama dada anisaidie, naye akageuka kutazama mawingu. Nilimchukia siku ile, lakini nilianza tena, na mara ya pili wakanifuata.

Tuta likaisha, mnyapara akatupiga marufuku kulipanda tusije tukaliharibu. Yaani sisi tuliolikanyaga!

Mvua kubwa ilipokuja, kijiji kizima kilitoka kutazama. Wazee walikaa ukingoni, wamejifunika shuka, baba akiwa kati yao. Vijana tulisimama chini, mbali kidogo. Maji yalishuka korongoni mekundu, yamebeba matawi na povu, yakagonga tuta, yakarudi nyuma, yakaanza kupanda. Sikuwahi kuona maji mengi vile yakiwa yetu.

Ndipo nikaona, upande wetu wa chini, uzi wa maji ukitoka katikati ya tuta. Mwembamba. Kisha ukawa wa unene wa kidole, tena wa rangi ya udongo. Shule yangu ilikuwa inatokea pale tunduni.

Nikawakimbilia wazee kuomba ruhusa ya kupanda. Sasa, kwetu mtoto hawezi kufika mbele ya wazee akaropoka. Anasalimia kwanza, na anasalimia mmoja mmoja. Nami, mjinga wa malezi mema, nikapiga goti matopeni nikaanza. Shikamoo babu. Marahaba, mjukuu wangu, hujambo? Sijambo. Shikamoo baba mkubwa. Marahaba, mama hajambo? Hajambo. Wa tatu alikuwa hasikii vizuri, nikarudia, na macho yangu yote yako kwenye tuta. Nikafungua mdomo kusema maji, yule mzee akanizuia kwa mkono. "Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Hujamsalimia mwenzangu huyu."

"Shika—" nikasema, nikaikata hapo hapo. Nikainuka, nikawapa mgongo wazee wote na baba yangu mzazi, nikaanzisha wimbo.

Sikuwa na muda wa kuona aibu. Sauti ilitoka sijui wapi. Na wakaja! Mnyapara anapiga kelele, wao wanampita wakikimbia. Wengine wakachota udongo wa kichuguu kilichokuwa karibu wakaumwaga upande wa maji, sisi tukapanda tutani, tukashikana viuno tukakanyaga, nami nikisema twende, wanakwenda, nikisema simameni, wanasimama. Wakubwa kuliko mimi, wenye ndevu zinazoanza. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Uzi ule ulipungua, ukawa jasho tu, ukakauka.

Baba alinijia akiwa amelowa. Nilijua nitachapwa. "Hukumaliza kusalimia," akasema. Kisha akayatazama maji. "Mama yako akutafutie nguo ya shule."

Nikamkimbilia dada, nilie kwa furaha kifuani pake. Alikuwa bado amesimama mkiani mwa safu, magoti yote matope.

"Umeliona lile tundu?" nikamwuliza.

"Nililiona kabla yako."

Furaha ikanitoka. "Uliliona! Ukanyamaza? Mimi napiga magoti kule, wewe unatazama tu? Kama tuta lingekatika? Kama ningekosa shule?"

"Nilikuwa nimeshavuta pumzi," akasema. "Ungechelewa kidogo tu, ningeita mimi."

"Kwa nini hukuita tangu mwanzo?"

Alijifuta tope usoni kwa mkono wenye tope. Nikaona anataka kulia, yeye ambaye hakuwahi kulia mbele yetu.

"Mahari imepokelewa jana," akasema. "Mwakani sipo. Nilitaka nijue nani ataita."