Presha Nzuri ya Saa Nne

Akina mama wa jumuiya wameniomba niandike jinsi nilivyougua nikapona. Sitaremba. Nina miaka ishirini na saba na watoto wawili, na nimepata kiharusi mara mbili.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa hapa Songea. Mume wangu alikuwa karani wa ghala la ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia, ghala likafungwa, naye akapunguzwa kazi. Tukabaki na shamba la mahindi la mama mkwe, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nikawa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni.

Presha ilinianza kwenye mimba ya huyo mtoto, Neema. Miguu ilivimba mpaka ndala hazikuingia. Nilijifungua salama, presha ikabaki.

Neema alipofikisha miezi minane, asubuhi moja kikombe kilinidondoka. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukaenda upande, mate yakanitoka. Ilichukua kama nusu saa. Hospitali daktari akasema, "Kiharusi kidogo. Kimepita, lakini sasa njia kinaijua." Akanipa vidonge, kimoja kwa siku baada ya chakula, na kadi ya kliniki.

Nilikunywa vidonge bila kukosa hata siku moja. Hata hivyo kila asubuhi kisogo kilinigonga, na nikiinama kulima niliona vimulimuli. Kliniki kila mwezi muuguzi alinipima saa nne, akaandika, akacheka.

"Mama Neema, presha yako nzuri kuliko yangu!"

Nyumbani nikisema kichwa, mume wangu anachukua kadi. "Hospitali wameandika nzuri. Wewe unaona nini wasichokiona wao?"

Mama mkwe anamalizia, "Hawa waliosoma, wakiona jembe tu, kichwa kinauma."

Nilichukua jembe, nikaenda kulima. Hasira ya siku zile ninayo mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Mwezi wa kumi na mbili, kwenye palizi, saa moja na nusu asubuhi, jembe lilinitoka mkononi. Nikaliokota, likatoka tena. Nikataka kusema nipeni maji, ikatoka sauti kama ya ndama. Mama mkwe akacheka. "Acha utani, mama Neema." Alipoona mdomo wangu akaacha kucheka, akamfungua mtoto mgongoni kwangu.

Safari hii na mguu ulikufa; ulirudi siku ya tatu, maneno baada ya wiki. Jirani yetu dada Skola alikuja kunitazama. Alikuwa muuguzi, naye kapunguzwa kazi, ila kipimo chake cha presha anacho. Hakuitaka kadi. Aliniuliza, "Kabla ya kutoka kitandani, nani amewahi kukupima?"

"Hakuna."

Kwa wiki nzima alikuja alfajiri, akanipima nikiwa bado nimelala. Akarudi mchana, na jioni tena, akaandika kwenye karatasi ya daftari. Jioni presha ilikuwa ya kawaida. Alfajiri ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi na tano.

Tukampelekea daktari. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Dawa unakunywa saa ngapi?"

"Baada ya kula, kama mlivyoandika."

"Unakula saa ngapi?"

"Tukitoka shamba. Saa saba."

Akaweka kalamu chini. "Na siku ya kliniki?"

"Siku hiyo siendi shamba. Nakunywa uji alfajiri na kidonge juu yake, maana foleni yenu haina huruma."

Skola alicheka. Daktari hakucheka. Alieleza kwamba presha haikai mahali pamoja kutwa. Usingizini hushuka, kukikaribia kucha hupanda, na kwa waliokwisha kupata kiharusi kupanda huko ni kubaya zaidi. Nilikuwa nalima saa zile zile dawa imeisha mwilini. Wao walinipima siku moja tu ya mwezi ambayo sikuishi kama ninavyoishi. Akabadilisha dawa na saa yake, akanikataza jembe miezi sita.

Mume wangu aliisoma karatasi ya Skola, kesho yake akaenda shamba yeye. Mimi sikuaminiwa hata siku moja. Ziliaminiwa karatasi mbili, kadi ya kliniki na ile ya Skola.

Mwaka wa pili huu sijaanguka. Namshukuru Mungu, namshukuru dada Skola. Ninyi wenzangu, saa ya dawa msiihamishe kwa akili zenu. Mwambieni daktari mnaamka saa ngapi, mnakula saa ngapi, mnabeba nini. Asipouliza, semeni. Mimi sikuulizwa, na mimi sikusema.

Vidole viwili vya kulia bado havisikii, kifungo havikishiki. Neema ana miaka mitatu, anajifunga vifungo vya gauni mwenyewe. Kanisani wananisifu kwamba nimemfundisha mapema.