Mama Mkwe Kwenye Tuta la Bwawa

Nilirudi Nachingwea na diploma ya kilimo, na simjui mtu mwingine wa upande wetu aliyekuwa nayo miaka ile. Sikusomeshwa na mtu. Wazungu wa karanga walipokuja kung'oa pori nilikuwa kijana wa kushika kamba za kupimia mashamba. Jioni wenzangu walikwenda ngomani, mimi nilisoma. Karanga ziliwashinda, wakaondoka. Mimi nikaenda Uganda kusoma. Niliporudi nilipewa nyumba ya serikali, ya bati na sakafu ya saruji.

Nilikaa humo peke yangu. Mke wangu, niliyemwoa kabla ya kwenda Uganda, alikuwa Ruponda kwa mama yake. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia ukweni, akalima na kujenga huko. Kumtoa mke kwao ni jambo la kuomba, na mwenye kauli si baba yake bali mjomba wake. Mjomba huyo alikuwa mfanyabiashara wa ufuta Ruangwa. Nilimpelekea mshenga kama inavyotakiwa, akajibu kwamba atakuja kuniangalia kwanza.

Alinikuta bwawani, Jumamosi asubuhi. Bwawa lile Wazungu walilichimba kwa ajili ya maji ya mitambo yao. Walipoondoka, serikali ilipanda miti kulizunguka na kuweka mabenchi, ikawa bustani ya watu wote. Ruhusa ilikuwa kuvua kwa ndoano tu. Nyavu zilikatazwa, na utupa, yale majani yanayotwangwa na kumwagwa mtoni ili samaki walewe, ulikatazwa zaidi. Watu walipanga mstari juu ya tuta na fimbo zao za mianzi. Mimi peke yangu nilikuwa na fimbo ya Kizungu, yenye gurudumu la kukunjia mshipi. Niliinunua kwa mhandisi aliyekuwa anafunga mizigo.

Nilivua kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Niliweza kutazama chelezo cha mshipi kikielea juu ya maji asubuhi nzima nisifikiri kitu.

Mjomba aliketi kando yangu, kanzu ameikusanya magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii ndiyo kazi uliyosomea Uganda?"

"Leo ni mapumziko, mjomba. Kazi yangu ni kubwa."

"Nimesikia ni kubwa. Sokoni wanasema umewaambia mwenyewe."

Fundi cherehani aliyekuwa akivua upande wangu wa kulia alicheka. "Mzee, samaki wa huyu bwana hawali minyoo. Wanaitwa kwa Kiingereza."

"Nao wanaitika?"

"Bado hawajafika darasa hilo."

Niliwaacha wacheke. Perege niliokuwa nimewatunga kwenye ukindu walikuwa wengi kuliko wa fundi, na kila mtu aliwaona.

Mjomba alishusha sauti. "Dada yangu anasema umekuwa Mzungu. Anasema mtoto wake akija kukaa na wewe atafundishwa kutoheshimu wazazi. Mimi sijasema ndiyo wala hapana."

"Sijasahau ya kwetu, mjomba."

"Tutaona."

Chelezo kilizama. Fimbo ilipinda mpaka ncha yake ikagusa maji, na mgongo mweusi wa kambale ukageuka juu kisha ukarudi chini. Sijawahi kumwona mkubwa kama yule katika bwawa lile, na waliokuwapo watasema vivyo hivyo. Nilisimama. Nilikuwa nakunja mshipi taratibu, kwa ustadi, mjomba alipokohoa.

Mwishoni mwa tuta wanawake wa Ruponda walikuwa wanakuja na vikapu vya mihogo, wanapitia njia ya mkato kwenda sokoni. Aliyetangulia alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mtu hakutani na mama mkwe njiani. Unatoka njiani, unampa mgongo, unainama mpaka apite. Tuta lile lilikuwa na upana wa watu wawili, na nyuma yangu kulikuwa na matope.

"Vuta, Bwana Diploma! Vuta!" fundi alipiga kelele.

"Mkwewe anakuja!" mwingine akasema.

"Mkwe haliwi! Vuta!"

Nikafungua mikono. Nilisikia fimbo ikikwaruza mawe, halafu maji. Nikashuka kwenye matope na viatu vyangu vya ngozi, nikampa mgongo, nikainama. Nyayo zilipita juu kwenye tuta bila haraka. Mwanamke mmoja aliguna.

Nilipopanda tena, mjomba alikuwa amesimama, anakung'uta kanzu.

"Umemheshimu," alisema. "Nitawaambia nilichokiona."

Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka Ruangwa. Nilikuwa navua kwa fimbo ya mwanzi kama wengine, na hata kwa mwanzi nilikuwa nimewazidi. Alikaa palepale.

"Dada amekubali," alisema. "Mimi pia nimekubali."

"Nashukuru, mjomba."

"Subiri. Mkeo mwenyewe amekataa."

Nilimwuliza amesemaje.

"Anasema miaka yote uliyokuwa Uganda alilala peke yake na hakufa. Anasema nyumba za serikali hazina jirani wa kumwomba moto. Nilimwambia una sakafu ya saruji. Akasema basi ailalie aliyepewa."

Fundi cherehani alijifanya anafungua fundo la mshipi wake. Nilisubiri nione kama nitaumia. Upepo ulikuwa unasukuma majani makavu kuelekea ukingo wa pili, nikayatazama mpaka yakafika.

"Unaweza kuja kukaa Ruponda," mjomba alisema. "Shamba lipo. Mkwe wako sasa hana neno nawe."

"Kazi yangu iko hapa."

"Naam. Nilidhani utasema hivyo." Akanigeukia. "Basi, mwanangu, talaka utaiandika wewe, au tutafute mwalimu wa madrasa?"

Nikamwambia nitaiandika mwenyewe. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, chuoni ulisifiwa.