Mchungaji Aachwe

Haya, kwa kuwa leo mmenikalia kooni na hamniachii, nitaisimulia mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kutoka Columbus na kila aliyewaletea ameongeza chumvi yake. Ni kweli ni mimi. Sauti ile ni yangu, jina lililoandikwa pale juu ni langu, Onesmo, Baba Neema wa Beechmont, hapa Louisville, na sina pa kujificha. Nimeshaona aibu za kila namna katika maisha haya (niliwahi kuanguka na sinia la wali kwenye harusi, mbele ya wakwe zangu wote), lakini zile zilipita na tukacheka. Hii mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu naguna kwa sauti, mke wangu ananiuliza kuna nini.

Mnajua ugonjwa wangu ni besiboli. Tulipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi, kazi ya kwanza tuliyopata watatu sisi, mimi na Zabroni na Ezekieli, ilikuwa kufagia uwanja baada ya mechi, kuokota maganda ya karanga chini ya viti, na mchezo wenyewe hatukuuelewa hata kidogo, tuliona tu watu wazima wamesimama kwenye nyasi wanatema mate, mpaka siku moja ukatuingia na haukutoka tena. Baadaye Zabroni akahamia Columbus, anakaa Gahanna karibu na uwanja wa ndege, na Ezekieli, ambaye ni Mkongo wa milimani huko Kivu ya Kusini, akaenda Buffalo, anakaa Kenmore, anatunza wazee. Tukafungua kundi letu la watu watatu kwenye simu, na humo tunaitana kwa miji: mimi ni Louisville, yule Columbus, yule Buffalo. Wachezaji nao, kwa kuwa majina yao yanatuvunja meno, tuliwabatiza majina yetu. Kuna Shemeji, kuna Bwana Shamba, na kuna mrushaji mmoja mkongwe tuliyemwita Mchungaji, kwa sababu kabla hajarusha mpira huinua macho juu na midomo inamchezacheza, utadhani anaombea chakula.

Sasa msimu ukiisha ndipo ugomvi wetu unapoanza. Hapo mpira hauchezwi, timu zinapanga nani abaki na nani aende, na kuna kiwango cha mishahara ambacho timu ikikivuka inatozwa kodi nzito, kwa hiyo ukimshika huyu lazima umwachie yule. Na sisi (watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa lolote na bosi wake) tunakaa kupanga mamilioni ya watu kana kwamba mwenye timu anasubiri simu yetu. Wiki ile hoja ilikuwa Mchungaji. Timu ilipewa mpaka Ijumaa kuamua kama itambakiza mwaka mmoja zaidi kwa mshahara wake ule mkubwa, au imwache. Zabroni alisema abaki, kaifanyia timu mengi. Ezekieli akatuma ujumbe wa sauti, umechanganyika na Kifaransa chake: "Bon, ule Mchungaji tunamupenda, lakini mukono yake inachoka. Donc, Louisville, unasema nini?" Mimi jibu nilikuwa nalo tangu alfajiri, linaniwasha mdomoni.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kanisa letu ni moja lakini lina matawi katika miji hiyohiyo mitatu, na mchungaji wetu ni mmoja, Mchungaji Stefano, naye anakaa Gahanna. Huyu ndiye aliyetulea kambini, ndiye aliyenifungisha ndoa, ndiye aliyemzika mama yangu mvua ikinyesha na wengine wamekimbilia kwenye mahema. Mwaka mmoja kabla ya hapo alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, lakini hakuacha, anahubiri, anapumzika katikati, anaendelea. Na Jumamosi ya wiki ile ile wazee wa matawi yote walikuwa wakutane Columbus kuamua kama aendelee na kazi au apumzishwe, kwa sababu posho yake inachangwa na matawi yote na wapo waliotaka achukuliwe mtu kijana. Jambo hilo watu walilinong'ona majikoni. Kwenye kundi la kanisa, lenye watu zaidi ya mia na yeye mwenyewe yumo, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Alhamisi, saa sita mchana, nipo kwenye mapumziko kazini. Ghalani kwetu simu haziruhusiwi kuingia ndani, unaifungia kwenye kabati lako na unaikuta jioni, na mimi nilikuwa nimebakiwa na dakika mbili tu. Nilikuwa nimefungua kundi la kanisa kusikiliza wimbo wa kwaya wa Jumapili. Wimbo ukaisha, nikasema ngoja niwajibu wale wawili kabla sijaingia. Niandike? Vidole vimekufa ganzi, asubuhi yote nilikuwa upande wa majokofu. Nikaamua niseme kwa mdomo, ni haraka zaidi. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu, jamani, kusema badala ya kuandika, maana ningeandika ningetazama kioo cha simu, na ningetazama kioo ningeona niko wapi.

Nikabonyeza nikasema (haya maneno nayajua kwa moyo, nimeyasikiliza zaidi ya mara thelathini): "Jamani, mimi leo nasema wazi, sipepesi macho. Mchungaji aachwe. Tumempenda, tumemshangilia miaka yote, lakini ule mkono umekwisha! Anakula fungu la watu watatu, na akisimama pale mbele kidogo tu anahema. Kiwango kimejaa, hatuna nafasi. Tukimwacha yeye tunapata vijana wawili wenye mikono mizima. Huruma haitatufikisha popote. Columbus, mnasemaje? Buffalo, mnaniunga mkono? Muda ni mfupi, tuamue." Mara thelathini nimesikiliza nikitafuta kama nilitaja mpira hata mara moja. Sikuutaja.

Nikatuma, nikafunga kabati, nikaingia kazini napiga mluzi.

Saa kumi na nusu nilipotoka simu ilikuwa na jumbe hata sikuweza kuzihesabu, na mke wangu amepiga mara tisa. Nikampigia nikidhani mtoto ameumia. "Baba Neema," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, "umefanya nini?" Nikamwambia sijafanya kitu, nimetoka kazini. Akasema fungua kundi la kanisa. Nikafungua nimesimama palepale kwenye makabati, wenzangu wananipita wanavaa makoti.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama mmoja wa Buffalo, aliandika neno moja: "Amina." Chini yake mwingine: "Amina." Halafu mzee wa Columbus: "Ndugu Onesmo umesema yaliyo mioyoni mwa wengi, Mungu akupe nguvu." Halafu vidole gumba vimesimama mstari mzima. Nilizihesabu Amina, zilikuwa kumi na moja. Kisha katikati yake, bila mtu kumwita, Mchungaji Stefano mwenyewe alikuwa ameandika: "Nimewasikia, wanangu. Mungu awabariki." Baada ya hapo akatoka kwenye kundi. Zabroni naye alikuwa amepiga kelele pale kwa herufi kubwa, KAKA UMEKOSEA KUNDI, lakini watu wakadhani ananionya nisiseme siri hadharani, ikawa kama ameweka mhuri.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mtu mwenye akili angekaa kimya akampigia mzee simu. Mimi na mdomo wangu huu nikabonyeza tena: "Ndugu zangu, naomba radhi, sikumsema Mchungaji wetu, nilimsema Mchungaji mwingine." Ohoo! Wakaja juu: mchungaji gani huyo unayemdharau? Nikasema yule anayerusha. Anayerusha nini? Nikaona maneno hayatoshi, nikatuma picha ya mrushaji, kavaa kofia, jasho linamtiririka, na bibi mmoja wa Louisville akauliza kwa unyenyekevu wote: "Huyu mzungu ni wa kanisa gani?" Neema, binti yangu, akanipigia akaniambia kwa Kiingereza chao niache kabisa kugusa simu. Nilimpigia Mchungaji Stefano mara sita. Hakupokea.

Jumamosi alfajiri mimi na mke wangu tuliingia barabarani, na kabla ya saa nne tulikuwa Gahanna mlangoni kwake. Mama Mchungaji alifungua, akanitazama, akasema, "Karibu, mwenye sauti." Mzee alikuwa sebuleni amevaa suti yake ya Jumapili, mkono umelazwa juu ya mto. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, ikayeyuka yote, nikabaki namwonyesha simu, kundi letu la watu watatu, ugomvi wetu wa wiki nzima, Ezekieli na donc zake, na mwisho nikamwonyesha video ya yule mrushaji anavyoinua macho juu. Mzee akaitazama mpaka mwisho. Akatabasamu.

"Kweli anaomba huyu," akasema. "Na wamemwacha?"

"Jana, Mchungaji. Wamemwacha."

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

"Mtoto kabisa," akasema. Halafu akaniinua kwa mkono ule mzima. "Nakuamini, mwanangu. Nilikujua tangu unaiba viazi vya jikoni kambini, hukuwa mwongo, ulikuwa mpayukaji tu. Wewe nimekusamehe. Lakini uliona nilivyoandika? Sikuandika nimekusikia. Niliandika nimewasikia."

Nikaanza kusema kwamba wale nao walikosea kwa sababu yangu.

"Wewe ulisema habari ya mpira," akasema. "Wale kumi na moja walioandika Amina, wao walimsema nani?" Akawataja mmoja mmoja kwa majina, bila hasira, huyu nilimbatizia watoto wanne, huyu nilikaa naye hospitali, huyu nilimwandikia barua za makaratasi yake mpaka akasafiri. Mke wangu alikuwa analia. Mama Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni kwa jikoni amejifunga kanga kifuani, hajakaa tangu tuingie.

Kwenye kikao niliomba nafasi ya kwanza. Nikasimama mbele ya watu nikaungama kila kitu, Shemeji na Bwana Shamba na mrushaji, na watu wakacheka, wakacheka sana, mnajua kile kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, Ezekieli aliyekuja na basi la wazee wa Buffalo akashuhudia kwamba "njo vile ilikuwa, haki ya Mungu, tulikuwa tunasema bale," yaani mpira, na kwa dakika moja nikadhani tumepona. Kisha kicheko kikaisha na watu wakakumbuka. Yule mama wa Amina ya kwanza alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyejua atazame wapi.

Mchungaji Stefano akasimama taratibu. Akasema amemsamehe Onesmo na asionekane mtu wa kumnyooshea kidole. Akasema hana kinyongo na yeyote. Akasema anaomba apumzike kuanzia leo, ili wazee wasipate taabu ya kupiga kura. Wengi wakapiga kelele hapana, baba, hapana, na yule mama wa Buffalo akaja mbele akamshika miguu, naye akamwinua kama alivyoniinua mimi, na jibu lake halikubadilika. Tulipotoka nje mzee mmoja wa Louisville aliniambia pembeni kwamba walikuwa wamekuja na nia ya kumwomba aendelee, akihubiri amekaa. Sikuweza kujua kama ananifariji au ananichapa.

Tulirudi siku hiyohiyo. Tulipokaribia kuuvuka mto kuingia jimboni kwetu, mke wangu akasema, "Nikuulize kitu, na usinijibu kwa kelele zako. Ile sauti ingetumwa na mtu mwingine, juu ya Mchungaji Stefano kweli, wewe ungeandika nini?"

Nilikumbuka Jumapili zile alipokuwa anapumzika katikati ya mahubiri na mimi natazama saa. Nilikumbuka nilivyowahi kumwambia Zabroni kwamba mzee sasa ametosha.

"Ningeandika Amina," nikamwambia.

Hakunilaumu, aliendelea kutazama barabara. Basi, hayo ndiyo yaliyonikuta, na msinitafutie la kunipoza. Kundi la miji mitatu bado lipo na wenzangu wakati huu wa mwaka wanapanga vikosi kama kawaida, wananiuliza Louisville unasemaje, huyu abaki au aachwe. Mimi nimeapa sitajibu swali hilo tena juu ya mtu yeyote, hata awe mzungu wa kwenye televisheni asiyejua kama nimezaliwa. Kila mwisho wa mwezi naendesha mpaka Gahanna, namnyoosha mzee vidole kama daktari alivyotuelekeza, kimoja kimoja, na yeye ananiuliza yule mrushaji amepata timu? Namwambia bado, Mchungaji.